Upande Yatokako Maji

Jumapili, 3 Machi

Tumefungua msimu kwa kushindwa. Naandika "tumefungua" ingawa mimi, mwalimu wa jiografia, sichezi, mimi huchora. Kila Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa Munyemana hapa Bugarama, Fabien husimulia kisa, na kila aliyeketi mezani huwa mtu aliyejibunia mwenyewe: mwizi, mganga, mpiga upinde. Dadu ya pande ishirini huamua nani kafaulu na nani kaanguka. Kisa kikifika penye vita, nami hutandaza karatasi yangu katikati ya meza, ili vita vipate mahali pa kupiganiwa, na wahusika hushuka juu yake. Wahusika ni vifuniko vya soda vilivyobandikwa nyuso nilizozichora.

Karatasi hutoka kwa Munyemana, anayefanya kazi ya saruji. Mfuko wa saruji una matabaka kadhaa, na la katikati halijaguswa na vumbi. Ni yeye pia aliyenifundisha kuchora miraba kwa uzi wa fundi: unaupaka unga wa mkaa, unauvuta, unauachia, nao unaacha mstari mnyoofu kuliko rula yangu yoyote.

Leo nilichora kilima upande wa kusini, yaani chini ya karatasi, kwa kontua nilizozipima vizuri. Juu ya karatasi niliweka bwawa. Munyemana akawapanga wapiga upinde wake sita kwenye ukingo wa juu kabisa, akakunja mikono, akatangaza kwamba ameshika mlima. Nikamwambia ameshika tope. Akanitazama kwa subira, kama mimi ndiye niliyekosea.

"Juu ni juu, Madame. Hata mutoto mudogo anajua."

Wote sita walikufa kabla chai ya Fabien haijapoa. Nikahitimisha kwamba wachezaji wetu hawajui kusoma ramani. Hitimisho hilo nimelifikia mara nyingi. Huenda ndiyo sababu naliamini.

Fabien alikuwa na habari. Mama yake huvusha vitenge kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, naye huvusha habari. Muhigirwa, msimulizi wa meza ya Bukavu, anatunga kitabu cha visa vya mchezo vinavyotokea katika bonde letu hili hili, na kitabu kinahitaji ramani. Siku ya Pentekoste meza zetu mbili zitakutana mjini Kamembe katika pambano moja, na huko ndiko atakakoamua: ama uwanja wangu utaingia kitabuni, ama zitaingia karatasi anazozichapisha kutoka mtandaoni, zenye ngome za mawe na theluji.

Naitaka nafasi hiyo kuliko ninavyopenda kukiri.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimechora, nimefuta.

Jumapili, 10 Machi

Nimewaletea mashamba ya mpunga: majaruba thelathini, matuta, mfereji mkuu upande wa chini wa karatasi, mto upande wa juu. Nilijiambia kwamba wakikosea kusoma mahali wanapoishi, basi kosa si langu.

Mwavita hakukosea. Yeye hulima mpunga upande wa chini wa mfereji, na mezani huwa mwizi anayeitwa Panya. Ni mchezaji mwenye bidii na bahati mbaya. Tangu ajiunge nasi mwaka jana hajawahi kushinda. Aliinamia karatasi kwa muda mrefu, akafuata mfereji wangu kwa kidole kutoka jaruba hadi jaruba, kisha akauliza kwa upole kama kuna pampu.

Nikasema hakuna.

"Basi mayi yako inapanda mulima, Madame."

Walicheka wote. Munyemana alicheka zaidi, kwa sababu ya wapiga upinde. Nilieleza kwamba mchoro ni mchoro, kwamba ramani ya vita haihitaji kumwagilia mpunga. Nilieleza kwa sentensi ndefu. Mwavita akatikisa kichwa kwa adabu na kusogeza kifuniko chake, na nikajua kwamba hakusadiki hata neno moja.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeanza. Tutacheza saa nane hadi saa kumi na moja, ili Mwavita afike nyumbani kufuturu.

Jumapili, 17 Machi

Juma hili nilifanya jaribio darasani. Ubaoni nilibandika ramani isiyo na kontua: nyumba upande wa chini wa karatasi, mto upande wa juu. Niliwauliza wanafunzi arobaini na mmoja, mtu wa nyumba hii akienda kuteka maji, anapanda au anashuka?

Nilitarajia majibu ya kubahatisha. Badala yake darasa lilikataa swali. Uwase, ambaye kwa kawaida hasemi, alitembea hadi ubaoni, akaibandua karatasi na kuibandika tena juu chini. Mto hauwezi kukaa hapo, akaeleza. Madame alikuwa ameigeuza karatasi kwa bahati mbaya. Wenzake wakamshukuru.

Nimelifikiria jambo hili siku nne. Katika vilima hivi hakuna anayemwelekeza mtu kwa kaskazini. Nyumba iko juu ya barabara au chini ya barabara. Shamba liko juu ya mfereji au chini yake. "Juu" ni upande yatokako maji. Mimi chuoni nilifundishwa kwamba juu ni kaskazini, nikarudi nyumbani na kuwalaumu watu kwa kutolijua jambo ambalo nchi yenyewe haijawahi kulihitaji.

Lakini huenda nakwenda mbali mno. Darasa moja si ushahidi.

Jumapili, 24 Machi. Matawi

Muhigirwa amekuja mwenyewe. Ni mtu mrefu, mwenye viatu safi hata katika matope yetu, na ana sauti inayofanya chumba kinyamaze. Alileta ngome zake: karatasi nene, rangi nzuri, misonobari yenye theluji. Munyemana aligusa theluji ile kwa kidole na kuuliza kama inaoteshwa.

Muhigirwa alicheza nasi kwenye majaruba yangu, niliyoyachora upya mto ukiwa chini ya karatasi. Anamcheza shujaa aitwaye Cirhuza, aliyemtunza kwa miaka minne. Karatasi ya sifa zake imejaa pande zote mbili, upanga, farasi, lugha tano, kipaji cha kuimba. Cirhuza alipita katika mashamba yangu kama mtu anayekatiza ukumbi. Hakuna tuta lililomzuia, hakuna mfereji aliolazimika kuufikiria. Mwishoni Muhigirwa aliikunja karatasi yangu kwa uangalifu na kunirudishia.

"Ni muzuri, Madame. Sawa ramani ya wizara. Lakini hakuna muntu anakufa humu."

Nilimshukuru. Nimerudi nyumbani nikitafuta kosa katika sentensi yake, na sijaliona.

Jumamosi, 30 Machi

Naandika kwa mkono wenye malengelenge ya jembe.

Leo ilikuwa umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, na mtaa wetu ulipangiwa kuzibua mfereji mkuu. Tulianza saa mbili chini ya mawingu mazito. Kufikia saa tano kasoro, tulipokuwa tunaosha majembe, mvua iliteremka kwa namna ambayo mtu husikia kwanza kisha ndipo analowa. Watu walikimbilia kwenye ghala. Mwavita hakukimbia. Alikuwa amesimama akitazama upande wa juu wa bonde, na nilipofuata macho yake niliona mfereji umebadilika rangi.

Jaruba lake lilikuwa la tatu kutoka mwisho. Tulipofika, tuta la juu lilikuwa limeshatoboka mahali pa upana wa mlango, na maji mekundu yalikuwa yanaingia na kulaza mpunga uliopandikizwa Februari. Nilifanya lile ambalo kila mtu mwenye akili angelifanya: niliruka kwenye tundu na kuanza kulijaza. Nilichota tope, nikapiga, nikachota tena. Nilichoweka kilikaa muda wa pumzi mbili kisha kikaondoka. Nyuma ya tuta maji yalikuwa yanapanda. Nililiona hilo, na jibu langu lilikuwa kuchota kwa kasi zaidi.

Mwavita alikuwa ameshuka hadi tuta la chini, akalipasua.

Nilidhani amechanganyikiwa. Alikuwa anabomoa tuta zima, zuri, lisilo na kosa, kwa jembe, akipiga na kusogea, akipiga na kusogea. Nilimpigia kelele kwamba tundu liko huku. Hakuinua kichwa.

"Acha kufunga, Madame. Kuya tutoboe huku. Na usinirushie matope kwa kinywa, niko nafunga."

Nilikwenda. Tulitoboa mahali pawili. Maji yaliyokuwa yanazunguka jarubani kama ng'ombe waliofungiwa yaliona njia, yakanyooka, yakatoka kuelekea mtaro wa chini. Na kadiri yalivyotoka, lile tundu la juu, ambalo sasa hakuna aliyeligusa, likaacha kupanuka. Baada ya nusu saa Mwavita alikuwa anasimamisha miche kwa vidole, mmoja mmoja, katika mvua ya kawaida.

Kwa kukadiria, amepoteza sehemu moja kati ya tano. Jirani yake wa juu, aliyezuia maji kama mimi, amepoteza jaruba lote.

Tulirudi tukisimangana njiani. Nilimuuliza kwa nini hakunieleza mapema kwamba mashamba yangu ya karatasi ni mabovu namna ile. Akasema alinieleza.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Misa ndefu. Mgongo hauniruhusu kupiga magoti.

Jumanne, 2 Aprili

Uwanja wa vita usiwe karatasi. Uwe na mteremko. Na maji yawe maji.

Nimeiandika sentensi hii nikaiacha asubuhi nzima ili nione kama itaonekana ya kipumbavu jioni. Inaonekana ya kipumbavu kiasi.

7 hadi 13 Aprili

Juma la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Hatuchezi, na sichori. Jumatano ilikuwa Idi. Mwavita alituma sahani ya pilau, imefunikwa kwa sahani nyingine, bila maneno.

Jumanne, 16 Aprili

Nimejenga. Fremu ya mianzi, udongo wa jarubani uliochanganywa na pumba za mpunga, matuta yenye urefu wa kidole, na juu ya vyote saruji laini ili maji yasizame. Majaruba kumi na manane yanashuka ngazi kwa ngazi, kutoka mfereji wa juu hadi mtaro wa chini. Ni kipande kimoja, ukubwa wa mlango wa kabati. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi. Nimekiweka juani kikauke.

Ijumaa, 19 Aprili

Kimepasuka. Nyufa zimetoka kona hadi kona, na nikigusa, saruji inamomonyoka kama biskuti.

Nilimwita Munyemana. Aliizunguka kazi yangu mara mbili, mikono mgongoni, akiwa na uso wa mtu aliyefika msibani. Akauliza nilifanya nini baada ya kupaka. Nikamwambia niliianika.

Alikaa chini. Alicheka hadi akavua kofia.

"Madame, umeanika sima sawa mihogo."

Kisha, alipokwisha kufuta macho, alinifundisha. Sima yake, yaani saruji, haikaushwi, hukomazwa. Hufunikwa kwa magunia yaliyolowa, humwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku saba, na kadiri inavyonyimwa jua ndivyo inavyopata nguvu. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa na hakuna aliyewahi kumuuliza. Alisema vilevile kwamba kipande kikubwa namna hii kingevunjika tu barabarani. Tufanye vinne, tuviunganishe kwa udongo wa mfinyanzi tukifika.

Amesema "tufanye". Nimeliona neno hilo.

Jumapili, 21 Aprili

Leo hatukucheza. Tulijenga wote, uani kwa Munyemana. Mwavita alipanga mteremko kwa macho na kikombe cha maji. Kila nilipotoa kipimo changu alimwaga maji kidogo na kunitazama. Fabien, ambaye mikono yake haijui ila dadu, alipewa kazi ya kupepeta pumba.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimemwagilia.

Jumanne, 23 Aprili

Nimemwagilia. Mvua imenisaidia jioni.

Jumatano, 24 Aprili

Nimemwagilia.

Jumapili, 28 Aprili

Vipande vinne, hakuna ufa. Munyemana alivigonga kwa kucha na kusikiliza, mithili ya mtu anayechagua chungu sokoni. Akavipitisha.

Jumamosi, 4 Mei

Jaribio la kwanza la maji. Sheria aliyotunga Fabien ni rahisi: mwisho wa kila mzunguko, kikombe kimoja humwagwa katika mfereji wa juu. Mchezaji aliye kando ya tuta anaweza kutumia zamu yake kuziba tundu kwa udongo au kutoboa tuta kwa kijiti, mahali tulipoacha udongo bila saruji. Mengine yote maji yataamua.

Kikombe cha kwanza kilifika jaruba la tisa, kwenye kiungo cha vipande, kikasimama. Cha pili kilivuja mezani na kuingia viatuni mwa Fabien. Nilikaa nikiwaza kwamba nimewapotezea watu majuma mawili mazima kwa sababu ya maneno ya mtu mmoja mwenye viatu safi. Mwavita hakuwaza. Alikanda udongo kwa mate, akaupitisha kwa kidole kwenye kiungo, akamwaga cha tatu. Maji yalikwenda jaruba kwa jaruba, yakajaza, yakafurika, yakashuka, hadi beseni la mwisho.

"Sasa iko inashuka," alisema.

Kutoka kwake, hiyo ni hotuba.

Jumapili, 12 Mei

Muhigirwa amemwandikia Fabien: ataleta ngome zake hata hivyo, kwa usalama. Nimeona ni haki. Kisha nimekasirika. Kisha nimeona tena ni haki.

Jumamosi, 18 Mei

Vipande vimefika Kamembe katika pikapu, vimelazwa kati ya magunia ya mchele, Munyemana amekaa juu yao njia nzima akimkemea dereva kila kona.

Jumapili, 19 Mei. Pentekoste

Ukumbi ulikuwa na watu kumi na saba, pamoja na wasiocheza. Meza ya Bukavu walifika wamevaa mashati yanayofanana. Muhigirwa alizitandaza ngome zake kwenye meza ya pembeni, tayari, kisha akaja kuutazama uwanja wetu. Aligusa tuta. Akaangalia beseni sakafuni, akauliza kama paa linavuja.

Nilikuwa nimeamua kutoandika kaskazini popote. Muhigirwa alichagua upande wake kwanza, kama mgeni. Aliketi karibu na mfereji wa juu na kuwapanga watu wake mbele yake, katika majaruba mapana ya mbali, ambayo kutoka kiti chake yalionekana upande wa juu wa meza, ingawa mteremko uliyaweka chini.  Alikuwa amefanya kosa la Munyemana, kosa ambalo miezi miwili iliyopita nililiita ujinga. Mtu yeyote aliyelelewa kwenye karatasi angelifanya. Sikusema neno. Nimejiuliza baadaye kama kunyamaza kwangu kulikuwa haki, na naona mteremko ulikuwa wazi mbele ya macho yake kama ulivyokuwa mbele ya yangu.

Mizunguko mitatu ya kwanza alitushinda vibaya. Cirhuza alimwangusha mganga wetu na wapiga upinde wawili wa Munyemana. Vikombe vitatu vilikuwa vimeshuka, na maji yaling'aa katika jaruba la jirani na watu wake, hakuyajali. Katika mzunguko wa nne maji yaliingia jaruba alilosimama Cirhuza, yakafika ukingo wa kifuniko. Muhigirwa alisita. Akachukua udongo, akaziba tundu.

Nilimtambua mtu yule. Nilikuwa mimi, tarehe thelathini Machi, ndani ya tundu hadi magotini.

Aliziba la pili katika zamu iliyofuata, na wenzake wakaziba la tatu na la nne. Upangaji wao ulikuwa mzuri, ukuta mmoja mrefu wa udongo, na ukumbi mzima ulipiga makofi. Kikombe kilimwagwa. Kikombe kikamwagwa tena. Nyuma ya ukuta ule majaruba ya juu yalijaa hadi maji yakawa na mgongo, yamevimba juu ya tuta bila kumwagika, na hapo hapo, kando ya tuta, ambako tangu mwanzo hakuna aliyemwona kuwa na maana, alisimama Panya wa Mwavita.

Fabien akamuuliza Mwavita anafanya nini. Mwavita alikuwa ameshachukua kijiti.

"Natoboa."

Hakutoboa kwa nguvu. Alikichomeka kijiti na kukizungusha mara moja. Kwa muda wa pumzi moja hakikutokea kitu, na nikadhani udongo umekataa. Kisha tuta likaachia, na yote yaliyokuwa yamezuiliwa yakateremka kwa pamoja, jaruba hadi jaruba, yakauchukua ukuta wa Bukavu kama sukari. Tulikuwa tumelisahau jambo moja, au tuseme hakuna kati yetu aliyelipanga: vifuniko vya soda huelea. Jeshi zima liliinuka. Likazunguka mara moja, kwa heshima, likapangana mstarini ndani ya mtaro, na Cirhuza mbele yao, uso wake ukitazama dari, akapita jaruba la mwisho, akapita ukingo wa meza, akaangukia katika beseni kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyecheka bado. Fabien alikuwa msimulizi, na msimulizi lazima aulize.

"Anajua kuogelea?"

Muhigirwa aliigeuza karatasi ya Cirhuza. Alisoma upande wa kwanza, akasoma upande wa pili. Upanga, farasi, lugha tano, kuimba. Miaka minne, na hakuwahi kuliandika hilo. Fabien akamwachia bahati: kwa kumi na tano na zaidi angeishi. Dadu ilizunguka kwenye mbao zilizolowa, ikasimama.

Mbili.

Hapo ndipo ukumbi ulipolipuka. Munyemana alimkumbatia mtu wa Bukavu asiyemjua. Mwavita alikuwa bado ameshika kijiti, akitazama tuta kwa jicho la mkulima, akikadiria hasara. Ni ushindi wake wa kwanza, na kwa dakika nzima hakuonekana kuwa na habari.

Maji yalikuwa yanaenea mezani kuelekea kwenye daftari za watu. Muhigirwa aliinuka, akaenda meza ya pembeni, akachukua ngome zake, karatasi nene, nzuri, zinazonyonya vizuri, akarudi na kuikausha meza kwa theluji. Aliifanya kazi hiyo polepole na kwa ukamilifu. Kisha akainama, akamtoa Cirhuza ndani ya beseni, akamfuta kwa shati lake, akamtia mfukoni.

"Andika jina yako, Madame," alisema. "Kitabu kitataka jina. Na umwage tena. Nataka kuona nilikosea wapi."

Sijawahi kutia jina langu kwenye ramani. Chuoni walisema ramani haina mwandishi, ina vipimo tu, na sina hakika kwamba walikosea. Nilichukua msumari wa Munyemana, nikaandika Vénantie Uwamariya katika upande wa juu, penye mfereji, upande yatokako maji. Nikampa Munyemana msumari, naye akaandika jina lake ubavuni mwa kipande cha pili, herufi zikiwa zimenyooka kama uzi. Mwavita alisema yeye hakujenga, alimwaga tu. Tulimsubiri. Mwishowe alipokea msumari, akaupita mfereji, akayapita majaruba ya juu, akainamia tuta alilolitoboa, na kando ya tundu akaandika jina lake kwa herufi kubwa kuliko zetu.

Kisha Fabien akajaza kikombe, na Muhigirwa akavuta kiti, safari hii upande wa chini.